Tangi la Majitaka la Nyumba ya Kijijini: Limejaa Nini?

Vijijini kuna sifa moja ambayo mafundi wa vyoo hupenda kuitoa na wenye nyumba hupenda kuisikia, kwamba shimo fulani lilichimbwa miaka 20 iliyopita na hadi leo halijajaa. Mwenye nyumba akiambiwa hivyo hutulia kana kwamba amepewa cheti. Somo hili linaanza kwa kuitilia shaka sifa hiyo. Shimo lisilojaa halijakimaliza kilichoingia ndani yake. Limekipeleka mahali pengine, na mara nyingi mahali hapo ni yale maji ya chini ya ardhi ambayo ndoo ya nyumba hiyohiyo, au ya jirani, huyateka kisimani.

Jambo hili limekuwa zito zaidi katika miaka ya karibuni. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwaka 2017, ilihimiza kaya kuacha vyoo duni na kujenga vyoo bora. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, ambayo kwayo ulianzishwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Maji ya bomba yanapofika uani, familia hujenga choo cha ndani, huweka bafu na sinki, kisha huunganisha vyote na shimo lilelile la zamani. Shimo hilo lilichimbwa kwa ajili ya kopo la maji. Sasa linapokea lita 6 hadi 9 kila mtu anapovuta maji chooni, pamoja na maji ya kuoga na ya kufulia. Hapo ndipo swali la kuboresha linapozuka, na hapo pia ndipo fedha nyingi hupotea kwa kujenga kitu ambacho mwenye nyumba hakielewi.

Tangi zima hujaa siku zote

Wengine huliita karo, wengine chemba, wengine septiki. Neno hili la mwisho asili yake ni Kigiriki na lina maana ya kuoza. Lilipewa tangi hilo katika miaka ya 1890 na Donald Cameron, mpima wa jiji la Exeter nchini Uingereza. Wakati ule kulikuwa na matumaini kwamba uozo ungeyeyusha tope lote na tangi lisingehitaji kunyonywa. Matumaini hayo hayakutimia, ijapokuwa wapo wanaoyauza hadi leo, kama tutakavyoona.

Kazi ya tangi ni kutenganisha. Majitaka yakiingia mahali palipotulia, vitu vizito huzama na kuwa tope chini. Mafuta, sabuni na vitu vyepesi huelea na kuwa utando mzito juu. Katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu. Maji haya ya kati ndiyo pekee yanayoruhusiwa kutoka, nayo huelekea kwenye shimo la kufyonzea ili udongo uyachuje. Vijidudu visivyohitaji hewa hulipunguza tope, lakini havilimalizi.

Tuchukue nyumba ya mfano yenye watu 6, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku. Nyumba hiyo hutoa lita 480 za majitaka kila siku. Tangi la lita 2,400 litakuwa limejaa siku ya 5 tangu lianze kutumika, na tangu siku hiyo kila lita inayoingia husukuma lita nyingine kutoka. Kwa hiyo tangi zima hujaa siku zote, na kiwango chake cha maji hakipandi wala kushuka. La kuuliza ni limejaa nini: maji yaliyotulia, au tope lililokaribia mdomo wa bomba la kutokea?

Kabla ya kumwita fundi

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, fahamu ulichonacho. Fungua mfuniko mchana, uache wazi kwa muda, simama kando upande unakotoka upepo, usiiname juu ya tundu, wala pasiwepo sigara, kiberiti au taa ya moto karibu. Kisha tazama kiwango cha maji kwa tochi.

Ikiwa maji yako sawasawa na sehemu ya chini ya bomba la kutokea, tangi linafanya kazi. Ikiwa yako chini ya hapo, ilhali nyumba inatumika kila siku, kuta au sakafu inavuja. Ikiwa yamepanda juu ya bomba la kutokea, njia ya mbele imeziba, na mara nyingi kilichoziba ni shimo la kufyonzea. Huenda pia usione bomba la kutokea kabisa. Hapo huna tangi. Una shimo la wazi chini lililofunikwa zege juu, hata kama fundi aliliita septiki na kukutoza bei ya septiki.

Hali hii ya mwisho ni ya kawaida kuliko inavyosemwa. Fundi hujenga kuta za tofali, huacha chini udongo mtupu, na huacha matundu ukutani ili maji yapotee. Shimo la namna hiyo linaweza kuwa la kufyonzea, na hiyo ni kazi halali kabisa, mradi tangi litangulie mbele yake. Kosa ni kulifanya peke yake lipokee kinyesi kibichi. Habari njema kwa mwenye shimo kama hilo ni kwamba si lazima alifukie: likiwa mahali panapofaa, anaweza kujenga tangi kati yake na nyumba, kisha shimo la zamani, baada ya kunyonywa, likawa la kufyonzea.

Kupima tangi jipya

Ukubwa wa tangi haupangwi kwa macho. Rudi kwenye nyumba yetu ya watu 6. Majitaka yakae humo angalau siku 2 ili yatulie: lita 960. Tope hukadiriwa kuongezeka kwa takriban lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Kwa watu 6 na miaka 3 ni lita 720. Jumla ni lita 1,680. Mahesabu yangeishia hapo kama nyumba ya kijijini ingekuwa na watu 6 mwaka mzima.

Lakini haina. Yeyote aliyewahi kupanda basi la Moshi mwezi Desemba anajua kinachotokea miteremkoni mwa Kilimanjaro sikukuu zinapokaribia: nyumba ya wazee wawili na wajukuu wanne hulaza watu 20 kwa wiki 2. Majitaka hupanda hadi lita 1,600 kwa siku. Katika tangi la lita 1,680 lililokwisha kukusanya tope la miaka 3, zimebaki lita 960 tu za nafasi, na majitaka hupita humo kwa muda wa saa 14 hivi, yakiwa yamevurugika na kubeba tope kwenda nalo kwenye shimo la kufyonzea. Ndiyo maana tunashauri nyumba ya mfano ijengewe tangi la lita 2,400. Kwa vipimo vya ndani, huo ni urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.2, pamoja na nafasi ya sentimita 30 juu ya maji kwa ajili ya utando na hewa. Arusi na misiba vina hesabu kama hiyo, ingawa msiba hautoi taarifa. Kwa shughuli kubwa ni busara kuchimba choo cha muda kwa wageni.

Ndani ya tangi pawe na ukuta unaoligawa sehemu mbili, ya kwanza ikiwa theluthi mbili ya urefu. Katika mfano wetu ni mita 1.33 kwa sentimita 67. Tundu la kupitisha maji kati ya sehemu hizo liwe usawa wa katikati, chini ya utando na juu ya tope. Bomba la kutokea liwe chini ya lile la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7. Mabomba yote mawili yafungwe kiungo cha umbo la T ndani ya tangi. Mguu wa kile cha kutokea uzame kiasi cha sentimita 45 hadi 50 ili uchukue maji ya kati. Kiungo hiki ni cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi nzima, na ndicho kinachosahaulika mara nyingi kuliko vyote. Bila hicho utando wa mafuta hutoka moja kwa moja na shimo la kufyonzea huanza kuziba. Mwambie fundi akuonyeshe viungo hivyo kabla zege la juu halijamwagwa, kwa sababu baada ya hapo hutaviona tena.

Sakafu iwe ya zege na kuta zipigwe lipu isiyopitisha maji. Kabla ya kumlipa fundi kiasi cha mwisho, jaza tangi maji safi, weka alama ukutani, subiri saa 24 na utazame tena. Tofali kavu hunywa maji kidogo siku ya kwanza, hivyo jaza hadi kwenye alama na urudie siku ya pili. Yakiendelea kushuka, kazi haijakwisha. Sharti hili liandikwe katika makubaliano yenu tangu mwanzo, maana fundi aliyekwisha kulipwa yote hana haraka ya kurudi.

Matangi ya plastiki yaliyotengenezwa kiwandani hayana shida ya kuvuja, lakini yana yake. Penye maji ya juu chini ya ardhi, kama katika mabonde ya mto Rufiji, tangi tupu la plastiki huweza kusukumwa juu wakati wa masika na kung'oa mabomba. Lishikizwe kwenye zege, na likishanyonywa lijazwe maji siku hiyohiyo.

Ardhi ndiyo inayosafisha

Maji yanayotoka kwenye tangi bado yana vijidudu vya maradhi. Usafishaji uliobaki hufanywa na udongo, na udongo haufanani. Ili kuupima, chimba tundu la upana wa sentimita 30 hadi kina kilichokusudiwa, lijaze maji jioni ili udongo ulowe, kisha asubuhi tia maji ya sentimita 15 na upime muda yanaochukua kushuka sentimita 2.5. Yakishuka kwa muda usiofika dakika 1, ardhi inapitisha upesi mno na haichuji. Yakichukua zaidi ya dakika 60, ardhi haipokei na majitaka yatafurika uani.

Udongo mweusi wa mbuga uko upande wa pili wa mizani: ukilowa huvimba na kujifunga. Hapo shimo refu la kufyonzea ni hasara. Mitaro mipana na mifupi kwa kina, iliyojazwa kokoto na kuoteshwa nyasi au migomba juu, hufaa zaidi kwa kuwa jua na mimea huchukua sehemu ya maji. Upande wa kwanza wa mizani yuko mkazi wa Unguja, Pemba au pwani ya bara anayejenga juu ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana nyufa ambazo maji hukimbia ndani yake kama katika bomba, na huko ndiko sifa ya shimo lisilojaa inakosikika zaidi.

Kanuni inayotumika kwa upana ni kwamba shimo la kufyonzea liwe angalau mita 30 kutoka kisima, na chini yake pawe juu ya usawa wa maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi, kwa kipimo cha wakati wa masika. Kwenye matumbawe mita 30 zisikutulize. Mwone afisa afya wa kata kabla ya kuchimba, na maji ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa hata kama hayana harufu wala rangi. Kumbuka pia kisima cha jirani. Mpaka wa kiwanja haupo chini ya ardhi.

Fimbo yenye kitambaa cheupe

Matunzo ya tangi ni kazi ndogo inayofanywa mara moja kwa mwaka, na chombo chake ni fimbo ndefu iliyozungushiwa kitambaa cheupe. Vaa glavu na ukae kando ya tundu kama ilivyoelezwa juu. Ishushe taratibu hadi sakafuni, iache dakika chache, kisha ipandishe. Sehemu iliyolowa tope jeusi itaonyesha kina cha tope. Unene wa utando hupimwa kwa fimbo nyingine iliyopigiliwa kibao mwishoni, inayosukumwa chini ya utando na kuvutwa hadi ikwame. Vipimo hivyo viwili vikijumlishwa na kufika theluthi moja ya kina cha maji, ni wakati wa kuita gari. Katika mfano wetu theluthi ni sentimita 40, na kwa watu 6 itafikiwa baada ya miaka 3 na miezi kadhaa. Tangi nyingi za nyumbani hunyonywa kila miaka 3 hadi 5.

Anayesubiri choo kirudishe maji ndipo aite gari amechelewa. Tope lake limekwisha kuingia katika shimo la kufyonzea na kuziba matundu ya udongo, na kulinyonya tangi hakutayazibua. Atalipa gari, kisha atalipa tena kuchimba shimo jingine, ambalo kwa kawaida hugharimu zaidi ya safari kadhaa za gari.

Gari hilo hutoka mjini, na safari ya kijijini ni ghali. Kaya zilizo kwenye barabara moja zinaweza kuliita siku moja na kugawana gharama. Uliza mambo matatu kabla ya kukubaliana: mpira wake una urefu gani na utafika tangini, linabeba lita ngapi, na litamwaga wapi. Jibu la swali la tatu liwe ni mabwawa ya majitaka au mtambo unaotambuliwa na mamlaka ya maji ya mji. Anayejibu kwamba atajua mbele ya safari usimpe kazi, hata bei yake ikiwa nusu. Tope bichi likimwagwa shambani huacha mayai ya minyoo yanayodumu udongoni kwa miezi mingi, na mboga za shamba hilo huuzwa katika soko lako.

Simama uone kazi inavyofanyika. Wapo wanaonyonya maji ya juu, ambayo ni mepesi na ya haraka, wakaacha tope chini. Umelipia tope. Tope livurugwe kwa maji ya presha au kwa mti mrefu kutoka nje, sehemu zote mbili za tangi zinyonywe, na upime tena kwa fimbo kabla ya kulipa na kudai risiti. Usikubali ushauri wa kubakiza tope la mbegu. Uozo huanza wenyewe majitaka mapya yakiingia.

Hapa tunawarudia wauzaji wa matumaini ya miaka ya 1890. Madukani na mitandaoni huuzwa unga na maji ya dawa yanayodaiwa kula tope lote. Vijidudu vinavyohitajika huja na kinyesi chenyewe, bure, kila siku. Hakuna dawa ya kutia chooni inayoondoa haja ya kunyonya, na baadhi huvuruga tope likaelea na kutoka nje. Fedha hizo ziwekwe akiba kwa ajili ya gari.

Mengine ni ya kawaida. Mafuta ya kupikia, pedi, nepi, kondomu, mchanga na majivu visiingie tangini, wala dawa za kuua wadudu. Maji ya mvua kutoka kwenye paa yapelekwe kwingine. Trekta lisipite juu ya tangi, na mwembe au mfenesi usipandwe karibu na mabomba.

Nyufa za mfuniko na bomba la hewa lisilo na wavu huhitaji neno zaidi. Mbu aina ya kuleksi, anayeeneza matende, hupenda kuzaa katika maji machafu yaliyofunikwa. Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 vyoo vya maji vilimwagiwa chembe nyepesi za polistireni zinazoelea juu na kuwazuia mbu kuzaa, sambamba na wananchi kupewa dawa za matende, na mbu wakapungua sana. Kwa mwenye tangi, kipande cha wavu na saruji kidogo kwenye ufa vinatosha.

Asiingie mtu

Hakuna kazi ndani ya tangi inayostahili mtu kuingia. Uozo hutoa metheni, ambayo hulipuka, na haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Hewa hii ya pili hudanganya: ikiwa nyingi huzima uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani harufu imekwisha wakati sumu imezidi. Pumzi chache hutosha kumwangusha. Anayemwona ameanguka hushuka kumwokoa, naye huanguka, na wa tatu humfuata. Tangi lililonyonywa huwa bado na hewa hiyo, na tope lililobaki likikanyagwa huitoa kwa wingi. Kijana anayejitolea kushuka na ndoo kwa malipo madogo aambiwe hapana. Mtu akianguka, piga kelele ya msaada, ita zimamoto kwa namba 114, na asishuke yeyote asiye na kifaa cha kupumulia na kamba iliyoshikwa na watu walio nje.

Mfuniko uwe wa zege lenye nondo, mzito kiasi cha kumshinda mtoto, na usiachwe wazi hata kwa muda wa kwenda kuchukua fimbo bila mtu mzima kusimama hapo.

Mwisho, chora ramani ya uwanja kwenye karatasi moja: umbali wa mfuniko kutoka pembe mbili za nyumba, mahali mabomba yanapopita, shimo la kufyonzea lilipo, vipimo vya tangi, na tarehe ya kila kipimo cha fimbo na kila safari ya gari. Iwekwe pamoja na hati za kiwanja, na nakala abaki nayo anayeishi hapo. Mwenye nyumba ya kijijini mara nyingi huishi mjini, na taarifa ya tangi lililofurika humfikia kwa simu, usiku, kutoka kwa mtu ambaye hajui mfuniko uko upande gani wa mgomba.